Mhina wa Mzee Ridhwan

Mafundi wa mabomba walifika Rooty Hill asubuhi ya baridi, barakoa zimewafika machoni, wakauchimba ua wa nyuma mpaka wakalifikia bomba la maji machafu lililozibwa na mizizi. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2021. Mji wa Sydney ulikuwa umefungwa, na kazi iliyoruhusiwa mitaani mwao ilikuwa ile ya dharura tu. Walipoondoka, bomba lilikuwa jipya, na mhina ulikuwa umelazwa juu ya nyasi, mizizi yake ikielekea mbinguni, kama mtu aliyeangushwa asijue kosa lake.

Bi Jokha aliutazama kutoka dirisha la jikoni. Alikuwa kizuka. Mumewe, Mzee Ridhwan, alikuwa amefia hospitalini mwezi uliotangulia, bila yeye kuruhusiwa kumshika mkono. Waliomzika huko Riverstone hawakutimiza hata safu mbili za sala. Amri ya serikali na sheria ya eda zilikuwa zimemfungia mlango mmoja kwa makufuli mawili.

Mhina ule aliupanda marehemu mwaka waliohamia kutoka Tanga, alipomkuta mkewe akiulilia mhina walioacha nyumbani. Kila Idi ilipokaribia, alichuma majani, akayatwanga mwenyewe bandani, akamletea mkewe hina katika bakuli. Naye Bi Jokha alikuwa amekwisha kuazimia: siku atakayotoka eda, atachukua tawi la mti ule akalipande kaburini. Kaburi lile hakuwa amelitia machoni. Alitaka walau lipate kitu kutoka mkononi mwake.

"Afnan!" aliita. "Uokoe mti wa babu yako kabla mizizi haijakauka. Utie katika karai, uufunike kwa gunia lililoloweshwa."

Afnan, mjukuu aliyehamia kwake tangu msiba, alijibu kwa Kiingereza.

"Nimekusemesha Kiswahili, nijibu Kiswahili."

"Nimesema ni kichaka tu, Bibi."

"Hata wewe ulikuwa kitoto tu, na hatukukutupa."

Jirani yao Salvator, Mrundi aliyekuwa akitunza wazee katika makao ya Quakers Hill, alikuwa na miti mifupi iliyopangwa kando ya ua katika vyungu vya kina kifupi. Aliizuia isirefuke kwa mkasi na waya, akaiita bonsai kama Wajapani. Afnan aliliburura karai mpaka kwenye ua uliotenganisha nyumba zao. Bi Jokha alisimama nyuma ya pazia la jikoni, dirisha likiwa wazi.

"Mama Jokha, mbona unajificha? Mimi nimechanjwa mara mbili!"

"Siogopi ugonjwa wako, Salvator. Nimo edani. Mtazame mgonjwa wako uniambie kama atapona."

Salvator aliinama juu ya ua. Alikwaruza gome kwa ukucha, akaona ubichi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akalipindua jani, akalitazama, akatoa simu na kulinganisha picha, tena na tena.

"Huwa inaleta vitunda nyeusi?"

"Vitunda vyeusi," alisahihisha Bi Jokha. "Ndiyo. Ndege huvigombania."

Salvator aliirudisha simu mfukoni. "Mama, nisamehe. Hii si hina. Hina haitoi matunda ya maji. Yake ni vidonge vikavu. Jani linafanana, maua meupe yanafanana, hata harufu karibu ni ile ile. Lakini hii ni priveti. Wazungu walipanda kwa kufanya ua, sasa halmashauri inaiita magugu, maana ndege wanabeba mbegu mpaka msituni."

"Wasema mume wangu alipanda magugu?"

"Sisemi hivyo, Mama. Na angalia shina hii! Inavyonenepa chini, mizizi inavyotambaa. Mimi ningetafuta miaka kumi nisipate. Ukikata yote, ukabakiza shina, inaweza kuwa bonsai ya kushangaza watu."

"Mtu wa Tanga hafundishwi mhina na mtu wa milimani. Afnan, kalete kinu cha babu yako bandani. Tutatwanga, na kesho jirani yetu ataona haya."

Afnan alikawia. Aliporudi alikipakata kinu kama mtoto, akakiweka juu ya meza. Ndani mlikuwa na pakiti ya hina ya dukani, nusu yake imetumika, mdomo umekunjwa na kufungwa kwa mpira. Juu yake palichorwa mkono wa bibi harusi.

Bi Jokha aliitazama pakiti ile kwa muda mrefu. Alikumbuka jinsi mumewe alivyomkataza kuingia bandani. "Mhina wangu una wivu," alikuwa akisema. "Akitwanga mwenye kupakwa, rangi hususa." Naye alicheka kila mwaka.

"Itoe," alisema hatimaye. "Twanga majani peke yake."

Yeye mwenyewe hakuweza kujipaka, kwani kizuka hapambwi kwa hina. Alimpaka Afnan kiganjani, akamfunga kitambaa. Kulipokucha walikifungua kitambaa wakanawisha mkono. Maji ya kijani yalitiririka, na kiganja kikabaki kama kilivyozaliwa.

"Alijua," alisema Bi Jokha. "Alijua miaka yote hiyo."

"Hukasiriki, Bibi?"

"Nimkasirikie nani? Yuko wapi?"

Mchana Bi Jokha alimtuma Afnan akaombe msumeno wa kuukatia mti ubaki shina, na Salvator akawapa juu ya ua. "Utapona?" Bi Jokha aliuliza nyuma ya pazia.

"Labda. Kama ni mzima, utachipua kabla hujatoka eda. Lakini maua usiache yafunguke, Mama. Yakifunguka, ni mbegu."

"Asante. Sasa ingia ndani kwako, baba, nami nitoke."

Mlango wa jirani ulipofungwa, Bi Jokha alitoka uani, akapiga magoti mbele ya karai. Afnan alitaka kumpokea msumeno, akakatazwa. Tawi la kwanza lilianguka, likafuatwa na mengine, pamoja na ncha ambazo kila mwisho wa mwaka zilikuwa zikichanua na kumnukia kama nyumbani Tanga. Kilichobaki ni shina lenye mafundo, halina jani hata moja.

"Na kaburini, Bibi? Utapeleka nini?"

"Siwezi kumpandia marehemu magugu, ndege wakayatawanya juu ya wafu wa watu. Nitakwenda mikono mitupu."

"Na hii pakiti? Ukitoka eda, nitakupaka mimi."

Bi Jokha alijifuta udongo magotini. Alilifunika shina kwa gunia, taratibu, kama mtu amfunikavyo marehemu uso.

"Irudishe kinuni alimoiweka babu yako," alisema, "na kinu ukirudishe bandani."