Roli Ambayo Haijarudi

Ukungu ulikuwa bado umelalia vilima vya Korogwe, na ndani ya kiwanda cha kamba vumbi la mkonge lilielea jeupe, kama maziwa yaliyomwagwa hewani. Naserian alipita humo taratibu. Miezi sita iliyopita, alipotoka kwao Misima, hakujua hata kuwasha mashine. Kiwanda kiliiambia serikali kinataka wasokotaji kumi, serikali ikaleta vijana kumi kwenye mafunzo. Leo ulikuwa mtihani wa mwisho. Atakayeshindwa atarudi nyumbani.

Msimamizi, Mama Fausta, alimngoja ghalani na fomu ya mtihani mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, roli za kamba ulizosokota wiki hii ni ngapi?"

Naserian akazigeukia roli zilizopangwa ukutani. Mwanzoni alizihesabu bila shida. Zilikuwa kamba tu. Sasa alizifahamu moja moja, hata ile iliyokatika mara tatu akaiunga. Zilikuwa zimetulia pale kama ng'ombe walioshiba.

"Binti, umemeza ulimi? Mama yangu alikata mkonge miaka thelathini, kila mzigo akiuhesabu kwa sauti. Asingehesabu, tusingekula."

"Kwetu, mama, ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Ukitaja idadi ya unachokipenda, kinapungua." Akainamisha macho. "Ila moja haijarudi. Ile yenye ubavu wa kijani. Jana ilikuwa dirishani."

Mama Fausta akazitazama roli, akamtazama na yeye. "Dominiko! Huko kwenye mizani kuna roli?"

"Ipo, mama!" mpimaji akajibu kutoka chumba cha pili. "Nimeisahau hapa tangu jana!"

Akaja akiibiringisha. Ubavuni ilikuwa na kijani hafifu, kama jani changa. Naserian akaigusa, moyo ukashuka mahali pake.

"Umeipata mifugo yako," Mama Fausta akacheka kidogo. "Lakini fomu inataka namba, mwanangu. Bila namba sisaini." Akamnyooshea kalamu. "Iandike basi. Karatasi haina masikio."

Naserian akazipitia kwa macho, kimoyomoyo, kama bibi yake langoni mwa boma jioni. Akaandika tarakimu ndogo kama sisimizi, akaifunika karatasi.

Mama Fausta akaifunua. Midomo yake ikaanza kuitamka namba, kisha ikafumba. Akasaini, akaikunja fomu mara mbili.

"Jumatatu, saa moja kamili," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba roli zimelala. "Usichelewe kazini."