Mama Mkubwa Aazima Macho

Mjukuu wangu, sogea nikutegee kimoja: ni nani akimtazama mkubwa huanza na magoti? Ukishindwa sitaki mji, niupeleke wapi mji mzima? Nipe sikio tu.

Jumatatu saa nne asubuhi, mwandishi mmoja wa vitabu alirudishiwa hadithi yake. Mhariri alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Msimulizi wako ana miaka sita, lakini anaongea kama hakimu mstaafu. Nataka macho ya mtoto. Mwisho Ijumaa."

Mwandishi akamwita binti wa mdogo wake, wa miaka sita hiyohiyo, asiye na meno ya mbele.

"Pengo, niazime macho."

"Yote mawili?"

"Yote. Ijumaa nakurudishia."

"Sawa, Mama Mkubwa. Ila usiyatie sabuni. Halafu uniambie, utashuka lini?"

"Nishuke wapi tena?"

Wakabadilishana juu ya kitambaa safi, kama watu wanaojaribishana miwani. Pengo akavaa ya mama mkubwa wake, akasoma gazeti lote, akaguna, akaomba kiti chenye mgongo.

Macho ya Pengo yalikataa kupanda. Yalitazama kutoka kimo chao kilekile, usawa wa kitasa cha mlango. Mjomba mwenye mkono wa birika alipokuja kusalimia, mkono ulikuwa umejaa chai ya moto, na hakummiminia mtu. Fundi bomba, yule wanayemwita kichwa maji, aliinama akamwaga nusu ya kichwa sakafuni. Akapangusa, akaendelea na kazi.

Mwandishi aliandika huku akicheka mpaka kalamu ikaruka. Hakueleza kitu. Macho yale hayakujua maneno marefu, wala lipi kubwa lipi dogo. Kifungo cha shati kikapata ukurasa na nusu, harusi mstari mmoja.

Alhamisi akatazama kioo cha kabati la jikoni. Humo alimwona mdogo wake, mama yake Pengo, akimenya vitunguu, shingo imezama mabegani. Ndiye aliyempikia, aliyemfulia, na aliyenakili vitabu vyake vyote kwa hati safi. Jina lake halikuwamo hata kwenye kimoja. Kichwani pake ameketi mwanamke mnene wa gauni la kijani, miguu inaning'inia.

Mwandishi akaangalia gauni lake. Lilikuwa la kijani. Miaka kumi na miwili alidhani yeye ni mrefu tu.

"Kumbe ni mimi?"

"Majirani wote wanasema umenikalia kichwani. Ulidhani ni maneno? Hebu sogea kushoto, umelalia sikio."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, dada. Ukasema nimenuna."

Mwandishi akaliandika na hilo, bila kueleza. Usiku mdogo wake akalinakili.

Ijumaa mdogo mtu akawapeleka wote wawili kwa mhariri, dada na hadithi. Mhariri akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyu aliyekaliwa kichwani! Umemtoa wapi?"

"Kwenye macho," akajibu mwandishi kutoka juu.

Kitabu kilipendwa sana. Shingo ya mdogo mtu ikapungua kidole kimoja.

Pengo alirudishiwa macho yake Ijumaa ileile, yamesuuzwa kwa maji matupu. Akayapepesa, akaanza na magoti ya mama yake, akapanda taratibu mpaka kule juu kabisa.

"Mama Mkubwa, hujanijibu. Utashuka lini?"

Mwandishi akavuta gauni, akajiweka vizuri.

"Nikimaliza kitabu kimoja tu, mwanangu."