Mkate Kwanza

Muuguzi Meruert alifika saa mbili asubuhi na kibegi chake cha sindano, akamkuta Mzee Ordabek amekaa mbele ya meza fupi iliyosheheni maandazi, krimu na soseji ya nyama ya farasi.

"Mzee, si nilikuomba usile kitu tangu jana?"

"Sijagusa kitu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Basi nipe mkono, nichukue damu, halafu tule."

"Mkate kwanza. Tangu lini mgeni akaanza kwa kumwaga damu ya mwenye nyumba?"

Kwa Wakazakhi mgeni haondoki bila kuonja mkate, na mwenyeji hamwachi aonje peke yake kana kwamba anamlisha sumu. Alimega kipande kidogo. Mzee alimega nusu ya mkate, akaupaka krimu. Damu ya siku hiyo ikawa haina maana, kwa sababu watafiti wa jiji la Almaty, waliomtuma Meruert, walitaka ya tumbo tupu. Walikuwa wakitafuta ndani ya damu alama zinazoweza kumwonyesha mtu aliye hatarini kupata saratani ya utumbo mpana, miaka mingi kabla ugonjwa haujajitokeza.

Mara ya pili Meruert aligoma kuingia, akasimama nje ya geti. Mzee alimletea mkate pale pale getini, naye mwenyewe anakuja huku anatafuna.

Ilimuuma Meruert kuliko alivyoonyesha. Mwaka uliopita alikuwa amemuuguza Tolegen, kaka yake mzee huyu, aliyefika hospitali saratani hiyo hiyo ikiwa imeshasambaa, akafa. Hakutaka kuuguza wa pili kutoka nyumba ile.

Bi Kulyash, mke wa mzee, alimsindikiza mpaka barabarani.

"Usimwone mkarimu, binti yangu. Mtu wa posta akija humpa chai ya jana. Huyu ni mwoga tu."

"Sasa tufanyeje, mama? Kwani kuna siku anakaa bila kula?"

"Labda akialikwa karamu. Hapo hagusi chakula tangu siku iliyotangulia, anaacha nafasi."

Walitazamana. Kisha wakacheka mpaka mbwa akabweka.

Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, Mzee Ordabek aliingia zahanati akiwa na mkewe, amevaa joho la sherehe na kofia ya manyoya katika joto la Juni, mkanda ameulegeza matundu mawili. Alikuwa amealikwa rasmi na Meruert, na ameahidiwa kichwa cha kondoo, heshima ya wazee.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kinachemka. Karibu, Mzee, keti."

Meruert alitandika kitambaa, akaweka mkate katikati. Kando ya mkate akaweka sindano.

"Mzee, hapa mwenyeji nani?"

"Wewe."

"Na mgeni hukataa alichoandaliwa?"

Mzee alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa anaangalia dari.

"Kulyash! Ulijua?"

"Mimi nimekuja kula."

"Mmenitega kama mbweha," alisema mzee, akaanza kukunja mkono wa joho, taratibu, mkunjo mmoja baada ya mwingine. "Tolegen alikuwa na nguvu kuliko mimi, unajua."

"Najua, Mzee. Nilikuwa naye."

Damu ikatoka, chupa tatu ndogo. Kichwa nacho kikaja kweli, kinafuka moshi. Mzee alikata sikio akampa Meruert, kama wazee wanavyowapa vijana ili wawe wasikivu.

"Kula. Ingawa kwako sioni kama litasaidia."

Wiki tatu baadaye Meruert alirudi nyumbani kwa mzee, na bahasha ya majibu mfukoni. Aliwekewa mkate, akamega, akala.

Mzee aliacha kutafuna. "Mbona leo hubishi?"

"Alama zako ziko juu, Mzee. Haimaanishi kwamba unaumwa. Ina maana hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine, na inabidi daktari aingize kamera auangalie utumbo wenyewe. Kikiwepo kivimbe, kinatolewa kingali kidogo."

Bi Kulyash aliweka birika chini. Mzee alikitazama kipande kilichobaki mkononi mwake.

"Tolegen hakuambiwa mapema."

"Hakuambiwa. Wewe umeambiwa."

"Na huko kwenye kamera, mtu huenda tumbo tupu?"

"Tupu kabisa. Siku nzima supu ya maji maji, halafu dawa ya kuharisha."

Mzee alikirudisha kile kipande kwenye sahani, akapangusa makombo ndevuni. Woga ulikuwa umemjaa usoni, na safari hii hakuuficha.

"Basi nialike, binti yangu," alisema. "Bila kualikwa sitakwenda."