Kitambaa cha Saa Mbili

Saa mbili asubuhi ilimkuta nesi mstaafu ghorofa ya tatu, kizibao cha doria cha rangi ya chungwa kikimpwaya, magoti yakimlalamikia kila ngazi. Lifti ilikufa mwaka juzi. Kwenye kila mlango wa mzee anayeishi peke yake alitazama kitasa. Kitambaa kikining'inia kufikia saa mbili, mwenyewe kaamka salama; kisipokuwepo, anagonga. Utaratibu huo waliuanzisha wazee wenyewe, baada ya mwalimu wa ghorofa ya pili kukaa siku nne chumbani, amekufa, majirani wanapita tu.

Ghorofa ya nne, kitasa cha fundi saa kilikuwa kitupu, kama jana na juzi. Alipogonga, mzee alifungua papo hapo, kanyoa ndevu, kavaa shati la pasi.

"Umetengeneza saa miaka arobaini," nesi akasema akihema, "na saa mbili hujui inafika lini?"

"Nilipitiwa, nesi. Ingia basi, chai iko tayari."

Alikataa, bado alikuwa na milango sita. Hila ya mzee aliijua wala haikumuudhi. Alimwonea wivu tu. Yeye mwenyewe alitundika kitambaa chake kila alfajiri, kule chini, na hapakuwa na wa kukitazama, maana mtazamaji ni yeye. Tangu amzike mumewe hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Alitamani kuulizwa hadi akajionea aibu.

Saa nne aliitwa ofisi ya mtaa. Ofisa, umri wa kitindamimba wake, alimwamkia kwa adabu zote, kisha akamweleza kwamba kwa kanuni mpya, mwisho wa kujitolea kwenye usalama wa mtaa ni miaka sitini. Yeye alikuwa na sabini na miwili. Akabidhi kizibao.

"Na wale wazee atawaangalia nani?"

"Itakuja kampuni, mama. Itafunga kengele kila chumba."

"Lini?"

"Mchakato unaendelea."

Nesi alikikunja kizibao kama alivyokunja mashuka wodini, pembe kwa pembe. Ofisa akakitia kabatini na kufunga kwa ufunguo. Kufikia adhuhuri tangazo lilikuwa limebandikwa mlango mkuu, na muhuri juu: doria ya wazee imesitishwa.

Kesho yake alichukua kitambaa chake, akafika mlangoni, akarudi kuketi kitandani nacho mkononi. Alijiambia ni hasira za ofisini. Hazikuwa hasira. Saa mbili ikapita. Nje watu waliwahi kazini, viatu vikipita mlangoni kwake bila kusita. Labda mwalimu naye, kabla hajakata roho, aliwasikia hivi hivi.

Ilipokaribia saa tatu, zikasikika hatua za mtu anayeshuka ngazi moja, anapumzika, anashuka nyingine. Kisha mlango ukagongwa. Fundi saa alikuwa ameegemea ukuta, shati limelowa jasho. Mwaka mzima hakuwa ameshuka chini.

"Kitambaa chako hakipo."

"Nilipitiwa."

Mzee akatazama saa yake ya mkononi. "Dakika hamsini. Umeamkaje, nesi?"

Nesi akamwingiza ndani. Akamvutia kiti.

"Nimeamka," akasema hatimaye.

Mzee alipopata pumzi alimwambia kwamba, alipoona saa mbili imepita bila kugongewa, ghorofa ya nne na ya tatu amekagua mwenyewe, wote wazima. Ya pili goti lilimgomea.

Nesi alivaa viatu. Akafunga kitambaa chake kitasani, akalipita tangazo bila kulitazama, akaanza kupanda.