Nambari Mia Tatu Kumi na Saba

"Hodi. Nimekuja kuripoti kazini."

Mwanamke aliyekuwa nyuma ya meza aliinua macho. Wenzake walimwita Mama Takwimu, kwa kuwa miaka tisa sasa kila nambari iliyotoka katika idara ya uchumi na ajira ya kaunti ilipita kwanza mikononi mwake. Hakuna aliyemwambia kwamba leo kungekuja mfanyakazi mpya. Mbele yake alisimama mwanamume wa makamo, shati lake kuukuu limepigwa pasi likanyooka, kofia ya kijani ameishika kwa mikono miwili.

"Kazi ipi, kaka?"

"Ndiyo nimekuja kuuliza, dada. Niliajiriwa miezi saba iliyopita na mpaka leo sijui kazini ni wapi. Naomba radhi kwa kuchelewa."

Tarishi wa idara, aliyekuwa juu ya ngazi akipigilia bango ukutani, alicheka hadi msumari ukamponyoka mdomoni. "Huyo mshike, Mama Takwimu! Wenzake wanatafuta kazi, yeye kazi imemtafuta ikamkosa!"

Mgeni hakucheka. Alivuta kiti alichoonyeshwa, akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo njiani peke yake mara nyingi. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nyuzi, hadi kilipofungwa. Kisha kaunti ikawaita kwenye mafunzo ya kutengeneza viatu. Siku tatu. Kila asubuhi alitia saini karatasi ya mahudhurio, akanywa chai, na siku ya tatu akapewa cheti na kofia. Viatu vyenyewe hakuvitengeneza, maana ngozi haikufika.

"Sasa leo asubuhi nimekwenda kiwanda kipya cha magunia. Mitambo ile naijua, dada, ni jamaa ya ile yetu. Wanachukua watu sitini, wenyeji wasio na kazi. Karani wa getini katafuta jina langu, kaniambia, 'Mzee, wewe una kazi ya viatu. Mpishe mwenye shida.' Orodha wanaifunga leo saa kumi."

Mama Takwimu aliyajua masharti hayo, kwani yeye ndiye aliyeyachapa. Kaunti ilikuwa imekipa kiwanda ardhi, nacho kikakubali kuanza na wale ambao kaunti yenyewe inawatambua kuwa hawana ajira.

"Na nyumbani wanasemaje?"

Mgeni aliigeuza kofia. "Majina yetu yamebandikwa ukutani kule kwenye ofisi ya kata. Walioajiriwa. Shemeji zangu wameyasoma, wakakaa kikao. Wanauliza mshahara wa miezi saba nimempelekea mwanamke gani. Mke wangu haulizi kitu. Afadhali angeuliza."

Mama Takwimu alifungua kompyuta. Nambari mia tatu kumi na saba: Ameajiriwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, jina la aliyejaza. Lilikuwa lake. Siku ile aliikumbuka. Alikuwa ameuliza, bosi, hawa si wanafunzi tu? Akajibiwa kwamba aliyefundishwa kiatu atashona kiatu, na anayeshona kiatu ameajiriwa. Jaza, Mama. Akajaza. Alikuwa amechoka, na uchovu huo haukuwa wa siku moja. Miaka ya kwanza alikuwa akibisha.

"Kakae kwenye benchi pale nje, kaka," alisema. "Nakuahidi. Kabla ya saa kumi utakuwa huna kazi."

"Mungu akubariki sana, dada," alisema mgeni, na alimaanisha.

Mkurugenzi wa idara hakuwa mtu mbaya. Alipoingia ofisi ile alikuwa na moto, akizunguka masokoni na kwenye karakana akiandika kwenye daftari kila fundi anachohitaji. Daftari hilo sasa lilikuwa chini ya mguu mmoja wa meza yake, limewekwa ili meza isitikisike.

"Kesho mkubwa wa kaunti anasoma ajira mia tano mbele ya umati," alisema baada ya kumsikiliza. "Mia tano kamili. Bango limeshachapishwa. Unataka asome mia nne tisini na tisa, kama bei ya kandambili?"

"Ndivyo itakavyokuwa, bosi."

"Mfute keshokutwa."

"Keshokutwa orodha ya kiwanda itakuwa imefungwa."

"Basi mtoe huyo, weka mwingine. Watu wamejaa tele huko nje."

"Nikimwandika mwingine, naye ataambiwa ana kazi."

Mkurugenzi alijifuta uso kwa kiganja. Akafungua droo, akatoa karatasi ambayo Mama Takwimu aliitambua hata kabla haijafika mezani. Ulikuwa mkataba wake wa mwaka ujao. Mahali pa saini palikuwa peupe.

"Huu wa sasa unaisha Ijumaa. Sikutishi, Mama, nakueleza hali. Fomu ya masahihisho ina mstari unaouliza nani alikosea. Jina langu halitaandikwa pale. Usimwage unga wako kwa ajili ya mtu usiyemjua."

"Kweli simjui," alisema Mama Takwimu. "Lakini nimemwajiri."

Alirudi mezani kwake saa tisa kasoro robo. Nyumbani kwake, pamoja naye, walikuwa watu sita na kazi moja: mama yake mzazi, mumewe ambaye mgongo haukumruhusu tena kubeba kitu, watoto wawili wa marehemu dada yake, na binti yake aliyemaliza chuo mwaka juzi. Binti huyo aliandika barua za maombi kila Jumatatu, na bado aliamini kwamba mahali fulani yupo mtu anayezisoma. Mama Takwimu hakuwahi kuwa na moyo wa kumkatisha tamaa.

Alivuta fomu. Jina la mhusika, akaandika. Hali sahihi: Hana ajira. Sababu ya kosa: Mahudhurio yalihesabiwa kuwa ajira. Kwenye mstari wa aliyekosea kalamu ilisimama kidogo.

"Mama," tarishi alinong'ona kutoka kwenye ngazi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Andika mashine. Kila mtu huandika mashine."

Aliandika majina yake, yote matatu. Akatia saini, akagonga muhuri, akabadilisha kwenye kompyuta, akatoa nakala, akazipeleka zote mbili nje kwenye benchi.

Mgeni alisimama alipomwona. Aliisoma ile yenye muhuri polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hana ajira," alisoma kwa sauti, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa shati. "Moja naweza kumwonyesha mke wangu, au zote ni za getini?"

"Getini wakishaiona, waachie nakala tu. Hiyo yenye muhuri ni yako. Ni saa tisa na dakika kumi, kaka. Nenda."

Mgeni akamnyooshea kofia ya kijani. "Basi hii si yangu tena."

"Vaa. Jua kali."

Akaivaa. Alivuka ua akitembea kwa heshima, na alipofika barabarani akaanza kukimbia, mkono mmoja umebana mfuko.

Ndani, simu ya mezani ilianza kulia. Kwa mlio wake wa mkato ilijulikana kuwa inatoka chumba cha mkurugenzi. Mama Takwimu alisimama mlangoni mpaka kofia ilipopotea kwenye kona. Kisha akaingia kuipokea.