Mgongo wa Baba Mkwe

Kila asubuhi Clotilde aliweka uji kwenye meza ndogo kando ya kitanda cha baba mkwe wake hospitalini, akaacha beseni la maji na kitambaa, kisha akatoka kusimama barazani mpaka mzee anawe sehemu alizoweza kuzifikia. Wauguzi walitoa dawa. Kuosha na kugeuza mgonjwa ilikuwa kazi ya ndugu. Mzee Edouard alikuwa amevunjika nyonga. Mke wa mwana hagusi mwili wa baba mkwe: ndivyo walivyolelewa wote wawili, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha mwenzake.

Asubuhi moja Clotilde hakufika barazani. Muuguzi Chomba alifunua shuka, akamwita arudi. Juu ya makalio ya mzee nyama ilikuwa imefunguka, na harufu ikajaa chumbani.

Chomba akauliza ni nani aliyekuwa akimgeuza.

"Uyu mutoto wangu," mzee akajibu upesi, akitazama ukuta. "Ananigeuzaka muzuri."

Clotilde akainamisha kichwa, kama anayekubali.

Safari ya kurudi nyumbani Katuba ikaahirishwa. Nyonga ilikuwa inaunga vizuri. Sasa kidonda ndicho kilichomfunga kitandani, na kila bandeji na kila sindano familia iliinunua kwanza kwenye duka la dawa. Paulin, mume wa Clotilde, aliyefanya kazi mgodini Kolwezi, aliagiza friji iuzwe, ile ambayo mkewe aliuzia maji baridi, kisha akaanza kukitafutia mnunuzi kiwanja chao cha Naviundu. Mzee alipobadilishwa bandeji aliuma ncha ya shuka. Hakulia, ila aliacha kula.

Jumapili Paulin akafika, hasira ya njia nzima ikiwa bado mbichi. Alimwambia Chomba mbele ya wagonjwa wote kwamba atamshtaki kwa mkurugenzi. Baba yake aliingia na mfupa uliovunjika, sasa anaoza.

"Papa, uliza bantu ba kwenu," Chomba akamjibu Paulin bila kupaza sauti.

Mzee akafungua kinywa kurudia maneno yake yaleyale. Lakini Clotilde alikwisha kusogea kitandani. Akapitisha mkono mmoja chini ya bega la mzee, mwingine kiunoni, akamlaza ubavu polepole. Mzee akafumba macho. Ndipo Clotilde alipomgeukia mumewe.

"Acha ule mama muuguzi, Paulin. Ni mimi. Sikumugeuzaka ata siku moja. Nilisikia haya ya kumushika baba."