Kabichi za Mahurunga

Hadija alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya muhogo pale shamba lake la Mahurunga lilipoinuka. Liliinuka ekari moja kamili, likifuata mawe manne ya mpaka ambayo watu wa mradi wa maghala waliyachimbia jana yake, na likasimama kwenye urefu wa mnazi. Hadija aliishika sufuria isimwagike. Majirani walipomaliza kula mchana walileta ngazi.

Hofu yake haikuwa kuinuka. Tangazo la mradi lilisema wenye mashamba wataandikwa mwezi wa kumi ili wapewe mashamba mengine, na asiyeandikwa atahesabiwa hana kitu. Sasa huko juu kulikuwa na baridi isiyo na adabu. Muhogo ulinyauka. Maharage yalichemka kutwa yasiive. Mikorosho kumi na minne, iliyopandwa na marehemu mama yake, iligeuka rangi ya chai, majani yakafa yasidondoke. Hadija aliipulizia salfa, kama inavyopuliziwa kila mwaka kukitokea ugonjwa. Salfa iliganda hewani, ikamrudia usoni.

Ndipo akakiendea kikundi cha bustani, kilichokutana kila Alhamisi nyuma ya shule ya msingi. Kiongozi wake, Mwalimu Magreth, alizaliwa Makete, kwenye milima ya baridi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amewafundisha wanawake wa Mahurunga mchicha na bamia, na muda wote huo moyo wake ulikuwa kwenye kabichi. Alipanda ngazi na sweta aliyoitoa chini ya sanduku, akavuta pumzi, machozi yakamtoka.

"Hapa ni kwetu kabisa, mama."

"Basi nifundishe ya kwenu, mwalimu. Nina miezi minne tu."

Akafundishwa. Alijifunza kupanda viazi kwenye matuta, kufunika miche kwa nyasi kavu jioni na kuifunua jua likitoka, kumwagilia asubuhi maana maji ya jioni huganda. Farida, muuza samaki wa kikundi hicho, alipanda juu kila Alhamisi amejitanda blanketi, akilaani baridi toka ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, na hakukosa hata siku moja. Lakini kabichi zilikataa kufunga. Zilikaa majani matupu kwenye kivuli cha mikorosho.

"Imekufa hii, mama," alisema Mwalimu Magreth. "Kule chini mnatafuta kivuli. Huku kabichi inatafuta jua. Tuing'oe."

Hadija aliutazama mkorosho mkubwa wa mama yake. Mahurunga, mtu akiulizwa shamba lake, haonyeshi karatasi, anaonyesha mikorosho. Lakini mwalimu alikuwa hajakosea hata mara moja. Waliikata, wakang'oa na visiki, wakaota moto wiki nzima.

Kufika mwezi wa kumi, kabichi moja ilikuwa haikumbatiki kwa mikono miwili. Hadija alikuwa akizifuta umande mojamoja, na alijivunia kuliko siku aliyoolewa.

Lukasi, afisa wa tathmini, alipanda na fomu yake. Aliisifu bustani, akala viazi vitatu vya kuchemsha, akafungua kalamu.

"Mikorosho mingapi, mama?"

"Ilikuwepo kumi na minne."

"Iliyopo."

"Haipo. Lakini kabichi ni mia mbili, baba. Si hizi unaziona?"

Lukasi aliigeuza fomu mbele na nyuma. Ilikuwa na mikorosho, minazi, miembe na muhogo.

"Kabichi haimo," alisema, na alisikitika kweli. Akaandika: eneo wazi, halina mwenyewe. Mwalimu Magreth, aliyekuwa amesimama na ndoo, aliketi chini kwenye tope.

Mradi ulizungushia uzio ardhi iliyobaki chini. Ngazi ikawa ndani ya uzio, na mlinzi aliruhusu watu kupanda Alhamisi tu, kwa kujiandikisha. Kisha ikaja barua. Ilieleza kwamba shamba lililo juu linaangusha kivuli kwenye eneo la mradi bila kibali, na kwamba Hadija, asiye na shamba, akiondoe kivuli hicho ndani ya siku thelathini.

Mwalimu Magreth aliisoma kwa sauti mara mbili. Mara ya pili hakuimaliza.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyesema tuing'oe."

"Ulinifundisha vizuri, mwalimu," alisema Hadija. "Zilifunga."

Ilikuwa kweli, na iliwauma wote wawili. Jua lilikuwa linashuka na maji kwenye ndoo yameanza kushika ngozi ya barafu. Farida aligawa nyasi, huku akilaani baridi. Waliinama wakafunika miche mipya, tuta kwa tuta, mpaka kwenye jiwe la mwisho. Pale pembeni palikuwa na shimo la mkorosho mkubwa wa mama yake, ambalo Hadija hakuwahi kulifukia wala kulipanda kitu. Alichukua nyasi zilizobaki, akalifunika nazo.